Mazalio ya Samaki Katika Mto Nile

Katika kumbukumbu za Waislamu wa Jinja na Mbale haifai kusahauliwa habari ya mito iliyokuwa ikizalisha samaki pasipo mkono wa mwanadamu. Tarehe 28 Julai 1862, Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali Nile itokapo ziwani, akayaita maporomoko yale Ripon. Aliandika kuwa aliona maelfu ya samaki wakiruka kwenye maporomoko, nao wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na ndoana zao.

Wako samaki wategemeao mito kwa uzazi. Ningu hukaa ziwani; mvua kubwa zinyeshapo hupanda mitoni, wakataga mayai katika majani yaliyofunikwa na mafuriko, kisha watoto wao hurudi ziwani.

Neema hiyo ilipunguzwa na watu wenyewe. Nyavu za kutega ziliingia katika Ziwa Victoria mwaka 1905, na wavuvi wakazoea kuziweka penye vinywa vya mito, wakawanasa ningu hali wamebeba mayai. Mwezi Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua Bwawa la Owen Falls. Umeme ukapatikana na viwanda vikastawi, lakini maporomoko ya Ripon yakazama, wala hayaonekani tena.

Elimu nayo haikukosekana. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika ya Mashariki kilianzishwa Jinja mwaka 1947. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, wataalamu walitangaza kuwa wamewatagisha ningu birikani kwa sindano na kuyatotoa mayai yao. Kazi iliyofanywa na mvua bila malipo sasa yataka dawa, mabirika na wafanya kazi.

Jambo hili lawahusu watu wa Mbale sawasawa na wa Jinja. Mto Manafwa, ushukao kutoka Mlima Elgon, huingia Mpologoma na kufika Kyoga. Na Nile itokayo Jinja hupita katika ziwa hilo hilo. Basi akataye miti mlimani huuchafua mto kwa udongo, na ategaye nyavu kinywani mwa mto huwanyima riziki majirani asiowajua.

Maji na viumbe vyake ni amana. Mwenyezi Mungu awajaalie wenyeji wa miji hii miwili kuitunza, na kuwarithisha watoto wao. Amin.