Rupia ya Mjerumani: ukweli wa sarafu zilizopita Kanda ya Ziwa

Kanda ya Ziwa hakuna kijiwe kisicho na mtu anayemjua mtu mwenye rupia. Habari huja kwa minong'ono: ni ya Mjerumani, imechimbwa jirani na boma la zamani, mnunuzi yupo na mamilioni yake, kinachokosekana ni nauli tu ya kumfikisha. Anayetoa nauli hiyo ndiye anayeliwa.

Rupia zenyewe zipo kweli, na wakusanyaji wa sarafu duniani huzinunua. Ila rupia ya fedha ya kawaida huuzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa makumi ya dola. Sarafu haipandi bei kwa kuwa ya kale au kwa kuwa ya Mjerumani. Hupanda kwa uchache wake, na uchache huo una sababu zake katika historia.

Mpelelezi John Hanning Speke alipofika kusini mwa Ziwa Victoria, Agosti 1858, msafara wake ulilipa njia nzima kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Wasukuma nao walikuwa na majembe ya chuma, yaliyofuliwa na Warongo wa Uzinza, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Jembe lililima, lilitolewa mahari na lilinunua mbuzi. Sarafu haikuwa na kazi hapa.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake. Rupia ya fedha ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili simba na mnazi. Uzito wake, gramu 11.66, ulilingana na rupia ya India, kwa sababu hiyo ndiyo wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walikuwa wameizoea. Pesa ya shaba, ambayo 64 zilifanya rupia moja, ilikwenda mbali zaidi katika kuwafuata wateja: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia moja ikawa heller 100.

Kilichoingiza sarafu hizo katika nyumba za Usukuma ni kodi. Amri ya mwaka 1897 ilitaka kila kibanda kilipiwe, na kwa vijijini kiwango kilikuwa rupia tatu. Mwanzoni baadhi walilipa kwa mazao au kwa kazi, kisha serikali ikataka fedha taslimu. Asiye na rupia alilazimika kuzitafuta kwa upagazi, kwa kibarua cha shambani, au kwa kuuza ngozi, karanga na pamba. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za Waingereza kuanza safari za ziwani, bidhaa nyingi za Mwanza ya Wajerumani zilipitia bandari ya Waingereza kwenda Mombasa.

Vita vya 1914 ndivyo vilivyozaa mojawapo ya sarafu ghali zaidi za historia hii. Manowari za Uingereza zilifunga pwani, sarafu mpya kutoka Ujerumani zikakatika, na askari na wapagazi walikuwa wanadai malipo. Wajerumani wakaweka mtambo kwenye karakana ya reli Tabora. Mwaka 1916 zikatoka heller 20 za shaba nyekundu na ya manjano, baadhi zikitokana na maganda ya risasi na mizinga. Ni nzito, hazikukaa sawa, na nyingi zimegongwa kombo.

Kisha ikaja dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Ikapigwa kuwa rupia 15, sawa na mark 20 za Ujerumani: tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa 16,198 tu. Julai mwaka huohuo Waingereza waliiteka Mwanza, na tarehe 19 Septemba jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora. Leo tembo huyo huuzwa kwa maelfu ya dola, na wa bandia ni wengi.

Baada ya vita, Waingereza nao walihangaika na pesa zao wenyewe. Kati ya 1920 na 1921 makoloni yao jirani yalitoka kwenye rupia, yakapita kwenye florin, yakatua kwenye shilingi, iliyoingia pia Tanganyika waliyoitwaa kwa Wajerumani. Ikaja na senti zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga kwenye uzi.

Tundu hilo lina kisa chake. Mfalme Edward VIII alitawala kuanzia Januari 1936 hadi alipojiuzulu Desemba mwaka huohuo, na Uingereza haikuwahi kutoa sarafu za matumizi zenye sura yake. Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura: zilikuwa na taji, tundu na jina lake. Kwa hiyo mwananchi wa Mwanza alibeba jina la mfalme huyo mfukoni, wakati mwananchi wa London hakuwa nalo. Senti hizo bado ni rahisi mno kununua, maana zilitolewa kwa wingi.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu zake za kwanza ziliandikwa Kiswahili: senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Mfumuko wa bei ulizifuta sokoni, na kijana anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba leo huenda hajawahi kuishika hata moja.

Mwenye sarafu ya babu aanzie kwa sonara mwenye mizani na sumaku. Rupia halisi ina fedha karibu asilimia 92. Sumaku ikiinasa, ni bandia. Asiisugue kwa majivu wala steelwire, kwa sababu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei. Asichimbe kwenye maboma na makaburi, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali. Na aandike sarafu ilitoka kwa nani, ilipatikana wapi, na kwa kazi gani. Rupia za aina ileile ni nyingi duniani, lakini zinazojulikana zililipa kodi ya kibanda gani huko Magu au Misungwi ni chache sana.