Kori ya Babu na Pasipoti ya Baba

Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike machache juu ya wazee wetu waliovuka bahari kutoka Gujarat, nilikubali upesi kuliko impasavyo mfanyabiashara. Mimi si mwanahistoria. Nimesoma hadi kidato cha nne hapa hapa Tanga, na umri wangu wote umepita nyuma ya kaunta. Lakini katika kikao kimoja cha maandalizi kijana wetu mmoja alisimama akauliza: siku ya kilele, langoni pa hekalu, tutapandisha bendera moja au mbili? Kikao kikanyamaza, kisha kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Swali hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, maana jibu lake limo ndani ya historia ya nyumba zetu, nayo haikunyooka kama vijana wanavyoidhania.

Naanza na sarafu. Ndani ya sanduku la marehemu bibi yangu imo kori moja ya fedha, ndogo, imechakaa pembezoni. Kori ilikuwa pesa ya Kutch. Upande mmoja limeandikwa jina la Mfalme wa Uingereza kwa hati ya Kiajemi, na upande wa pili jina la Maharao wa Kutch kwa hati ya Kidevanagari. Babu alipopanda jahazi katika bandari ya Mandvi, mnamo miaka ya 1920, hakuwa anaiacha India kama tuijuavyo leo. Alikuwa anaiacha milki ya Maharao Khengarji wa Tatu, yenye pesa yake, ushuru wake na lugha yake ya Kikutchi, ambayo hata Mgujarati wa Surat hawezi kuifuata vizuri. Ungalimuuliza kwao ni wapi, angalikutajia kijiji, kisha jamii yake, kisha Kutch. Hapo angenyamaza.

Njia aliyoifuata ilikuwa kongwe. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi ziliwaleta wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar katika pwani hii, na kusi ikawarudisha. Siku za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Sewji, Baniani wa jamii ya Bhatia kutoka Mundra, ambao walimlipa Sultani fungu la kila mwaka na wao wenyewe wakatoza ushuru wa pembe, karafuu na sandarusi. Na pia, hatuna budi kulisema ndani ya kitabu chetu wenyewe, fedha za mabepari wa Kihindi ziliendesha misafara ya bara iliyobeba pembe, na ambayo mara nyingi ilirudi na watumwa. Wazee wetu wengi hawakupenda kusimulia jambo hilo. Mimi naona mtu anayejivunia forodha ya Jairam hana budi kuubeba na mzigo huo.

Mabaniani wa zamani walikuja bila wake zao. Kuvuka bahari kulihesabiwa unajisi, na aliporudi kwao mtu alifanyiwa ibada ya kutakaswa kabla ya kula pamoja na ndugu zake. Kwa hiyo Unguja ilikuwa mahali pa kuchuma tu. Nyumbani palikuwa ng'ambo, na msafiri alihesabu misimu ya pepo hadi siku ya kurudi. Ndugu zetu Makhoja walitutangulia katika jambo hili: wao walihamia na familia zao mapema, wakazika wafu wao hapa, na kwa hiyo wakawa wenyeji kabla yetu. Mpaka leo naamini mtu huanza kuwa wa mahali siku mama watoto anapowasili na sufuria zake.

Neno bepari nimelitumia kwa makusudi. Limetoka katika neno letu la Kigujarati, vepari, yaani mfanyabiashara, na babu alijiita hivyo kwa fahari. Duka pia ni letu, na gari, na laki, na pesa. Rupia yenyewe ilitumika Unguja hadi mwaka 1936, na Wajerumani walipotawala bara nao walipiga rupia zao. Nilipokuwa shule ya msingi, neno bepari lilikwisha kuwa tusi. Lilichorwa katika vibonzo na tumbo kubwa na sigara. Babu alikuwa mwembamba kama fimbo, wala hakuvuta sigara maishani. Alipoelezwa maana mpya ya neno lake alicheka sana, kisha akanyamaza.

Basi India iliingiaje ndani ya nyumba yetu? Iliingilia hapa hapa, katika barabara za Tanga, kwa njia ya magazeti ya Kigujarati yaliyosomwa kwa sauti dukani baada ya kufunga hesabu. Iliingia kwa sababu Mwingereza aliyegawa viwanja, hospitali na shule hakuuliza kama wewe ni Mkutchi, Mpatel wa Charotar au Kalasinga wa Punjab aliyekuja wakati wa reli ya Uganda. Wote walikuwa Wahindi, daraja la pili, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika. Mtu aliyewekwa katika kundi moja na wenzake asiowajua hujifunza upesi kulipenda kundi hilo. Mwaka 1914 ulianzishwa huko Mombasa mkutano wa siasa wa Wahindi wa Afrika Mashariki kwa mfano wa Congress ya India, wakidai haki sawa na walowezi wa Kizungu. Haki za Waafrika hazikuwa kiini cha madai yao. Wapo wachache waliotazama mbali zaidi. Makhan Singh wa Nairobi alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani mwaka 1950, akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka 11.

Tarehe 15 Agosti 1947 ilipofika, bibi aliniambia, barabara nzima iligawa laddu. Mwaka uliofuata Gandhi aliuawa, na sehemu ya majivu yake ililetwa Afrika Mashariki ikatiwa katika maji ya Nile pale Jinja. Babu alilia kwa kifo cha Gandhi, Mkathiawari wa pwani ileile. Lakini miezi hiyohiyo kulikuwa na kilio kingine kisichoimbwa. Karachi, bandari ambayo kila Mkutchi aliifahamu kama Mtanga anavyoifahamu Mombasa, ilikuwa nchi ya kigeni. Jinnah naye asili yake ilikuwa Kathiawar. Jirani wa babu, Mwislamu aliyezungumza Kikutchi kilekile na kula dhokla ileile, alianza kuulizwa na watu: wewe ni wa India au wa Pakistani? Alijibu kwamba yeye ni wa barabara hii. Nayo kori, mwaka 1948, ikaacha kuwa pesa.

India huru yenyewe haikutuita turudi. Nehru aliwaambia Wahindi waliokuwa Afrika kwamba masilahi ya Waafrika hayana budi kutangulia, na kwamba wajiunge na wenyeji katika madai yao. Apa Pant, aliyeletwa Nairobi mwaka 1948 kuwa mwakilishi wa India, aliyasema hayo kwa bidii hata Waingereza wakamchukia. Na sheria ya uraia ya India ya mwaka 1955 iliweka wazi kwamba achukuaye uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake ameuacha ule wa India. Wazee wengi waliona wametupwa. Mimi naona waliambiwa ukweli, na si kila serikali huwaambia watu wake ukweli.

Ndipo ikaja mwaka 1961. Sheria ya uraia ya Tanganyika ilimfanya raia papo hapo mtu aliyezaliwa nchini ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Wengine waliozaliwa hapa walipewa miaka 2 ya kujiandikisha. Katika mjadala wa Oktoba mwaka huo, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliwakatalia kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali uraia wa kupima rangi. Wahindi walioisikiliza habari hiyo redioni wapo kati yetu hata leo, na hawajaisahau.

Baba alizaliwa Tanga, lakini babu na bibi walizaliwa Kutch. Kwa hiyo ilimpasa kuchagua. Baba mkubwa, kaka yake, vilevile. Usiku mmoja walikaa juu ya mkeka, karatasi katikati yao. Baba alijiandikisha. Baba mkubwa alisema asubiri kidogo aone mambo yanavyokwenda, akaendelea na pasipoti yake ya Kiingereza. Hawakugombana. Kila mmoja alidhani mwenzake amekosea, na kila mmoja alikuwa na sababu: Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yalimtia baba mkubwa hofu, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaizidisha. Mwaka 1968 Uingereza yenyewe ikatunga sheria ya kuwafungia mlango wenye pasipoti zake wasio na mzazi wala babu wa huko. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Baba mkubwa hakuwa na jengo, alikuwa mpangaji. Hata hivyo, Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwezi Agosti 1972, alifunga duka. Baada ya kusubiri ruhusa kwa muda mrefu alihamia Leicester, akafanya kazi katika kiwanda cha soksi.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1967, mwaka uleule Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Kigujarati nilifundishwa na bibi jikoni, herufi moja kwa chapati moja. Nilipomtembelea baba mkubwa Leicester, nilimkuta akila muhogo wa kukaanga, anauita mogo, kama Wagujarati wote wa kule waitavyo. Aliniuliza bei ya madafu. Aliniuliza kama mwembe wa uani bado unazaa. Kutch hakuitaja hata mara moja. Wanawe lakini, waliozaliwa au kukulia Uingereza, walikuwa wakibishana juu ya uchaguzi wa India kwa hasira ambayo sikuielewa. Hawapigi kura kule. Hawalipi kodi kule. Mtu akipiga kelele za utaifa kutoka mbali, gharama yake hulipwa na jirani wa mtu mwingine. Niliwaambia hivyo, na chai ya jioni ile haikunoga.

Sisemi kwamba kamba ya asili ikatwe. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ardhi liliibomoa Bhuj na vijiji vya Kutch, na watu wapatao 20,000 walipoteza maisha. Mtaani kwetu tuliweka ndoo ya michango mlangoni pa duka langu. Wa kwanza kutia fedha alikuwa mzee wa Kidigo auzaye samaki, ambaye hakuwahi kulisikia jina la Kutch hadi asubuhi ile. Alisema tu, wazee wako wako kule. Miaka michache baadaye India ilianza kutoa kadi maalumu kwa watu wa asili yake walio ng'ambo. Kadi hiyo haimpi mtu kura wala pasipoti. Mwanangu anayo, inamrahisishia safari za biashara. Mimi sikuiomba, kwa uvivu kuliko kwa itikadi.

Narudi kwenye bendera. Kikao kilibishana saa nzima. Mmoja alisema mbili, kwa heshima ya wazee. Mwingine akasema majirani watatuelewaje? Hapo mama mmoja wa makamo ya miaka 80, aliyekuwa akisokota tambi za taa pembeni, akauliza: "Na ile ya Maharao je? Maana baba yangu alipoondoka, hiyo ndiyo aliyoijua." Watu wakacheka. Kisha mwenyekiti akaandika: moja, ya Tanzania. Kijana aliyeuliza hakuridhika, na amesema atalileta tena jambo hilo mwakani.

Kori ya babu na cheti cha uraia cha baba vitawekwa katika kabati la kioo, mkono wa kushoto ukiingia ukumbini, siku zote tatu za sherehe. Wajukuu wangu wawili watakuwapo kuwaeleza wageni. Mmoja atasema Kiswahili. Mwingine atajaribu Kigujarati, nasi tunawaomba wazee wamvumilie.