Gango na Plasta

Katika methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", wengi wetu hulisoma neno ganga kwa maana ya kutibu tu. Iko maana nyingine, nayo ni kuunga kilichovunjika: seremala hukaza ubao uliopasuka kwa gango, na kijiti kifungwacho juu ya mfupa nacho ni gango. Yamkini mganga, kabla ya ramli na kombe, alikuwa muunga mifupa.

Watoto wa Butiama huchunga mbuzi penye majabali, kama alivyochunga Mwalimu Nyerere kabla ya kupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Wa Bunda hupanda miembe. Aangukaye hujikinga kwa mkono, na mkono ndio uvunjikao, penye kiwiko au juu ya kifundo. Fundi wa kijijini huunyoosha, akaufunga kwa vijiti na kamba. Aghalabu mtoto hupona, na sifa humwendea fundi. Nusu ya sifa hiyo ni ya mfupa wenyewe. Mfupa wa mtoto ni mithili ya kijiti kibichi: hupasuka upande mmoja pasi na kukatika, huunga upesi, na uliopinda kidogo hujinyoosha kadiri akuavyo. Uliosokoteka haujinyooshi.

Hospitali zilikuja na gango lao. Mwaka 1852 Antonius Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, alieleza bendeji ya unga wa jasi, ambayo ikiloweshwa huganda. Mwaka 1895 Röntgen akaupiga picha mfupa ungali ndani ya nyama. Lakini mwaka 1881 Mjerumani Richard von Volkmann alikuwa ameandika juu ya mikono iliyokauka na vidole vilivyojikunja kwa kufungwa mno, damu isipite. Hao walikuwa wagonjwa wa matabibu wa Ulaya. Basi anayemcheka mganga wa vijiti na acheke kwa kiasi.

Msiba huja usiku: mkono huvimba, kamba haivimbi. Mtoto hulia, huambiwa avumilie. Alfajiri vidole ni baridi, havihisi kitu. Msuli uliokosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, na kutoka kijijini hadi Musoma au Bunda ni safari. Awe aliyefunga ni fundi au daktari, kilio kile hakingoji kuche: kamba hukatwa palepale, plasta hupasuliwa kwa urefu wake, na mtoto hupelekwa hospitali usiku huohuo.