Habari ya Maziwa ya Kopo na Mlango wa Wazazi

Historia si habari za wafalme na vita tu. Kopo la maziwa nalo lina historia yake, na historia hiyo imeingia katika nyumba nyingi ambazo vita havikuzifikia. Twataka kuieleza hapa, maana imo ndani yake habari iwapasayo wazazi wote: jinsi mfanya biashara anavyomtafuta mtu ambaye mama anamwamini, kisha akaipitisha bidhaa yake mkononi mwa mtu huyo.

Tuanze na nchi yetu. Tangu Mikindani mpaka Msimbati, na kutoka hapo kufuata mto Ruvuma kupita Kilambo na Kitaya, hii haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o waliwaua, na watu wakaishi kwa kilimo na uvuvi. Kwa hiyo mtoto alijua maziwa ya aina moja tu, yale ya mama yake; baadaye akapewa uji wa mtama au wa muhogo. Mama akifa, ilitafutwa jamaa mwenye kunyonyesha. Maziwa mengine yalikuja kwa meli, yamefungwa katika makopo, yakauzwa madukani pwani pamoja na sukari na majani ya chai. Wengi waliyatia katika chai, wala hawakuyafikiri kuwa chakula cha mtoto mchanga.

Chakula cha watoto cha viwandani kilianzia Ulaya. Mwaka 1867, katika mji wa Vevey nchi ya Uswisi, mtengeneza dawa mmoja mzaliwa wa Ujerumani, jina lake Henri Nestlé, alianza kuuza unga uliofanywa kwa maziwa, ngano na sukari. Alikusudia kuwafaa watoto ambao mama zao hawakuweza kuwanyonyesha, na kusudi hilo lilikuwa jema. Lakini kazi ya mtu mmoja ikawa kampuni, makampuni yakawa mengi, na kila kampuni hutaka kuuza zaidi ya mwaka uliopita. Katika miaka ya 1960 idadi ya watoto wanaozaliwa Ulaya na Marekani ilianza kupungua. Ndipo makampuni yalipoelekeza macho kwa bidii katika Afrika, Asia na Marekani ya Kusini.

Yalifanyaje? Yalitangaza kwa redio na kwa picha za watoto wanene wenye mashavu ya kupendeza. Lakini njia yao iliyo kubwa ilipita hospitalini, katika wodi za wazazi na vyumba vya watoto wachanga. Huko yalibandika picha, yakagawa vitabu vidogo vya malezi, na kuwapa mama makopo ya maziwa na chupa bila malipo. Katika nchi nyingi makampuni yaliajiri wanawake, yakawavika nguo nyeupe kama za wauguzi. Na wengine walikuwa wauguzi kweli. Watu wakawaita wauguzi wa maziwa. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa bidhaa ilijitembeza ikiwa imevaa nguo za tabibu. Mama aliyejifungua jana alimwona mwanamke mwenye nguo nyeupe, akasikia maneno ya upole, akapokea zawadi. Asingeweza kujua kwamba mshahara wa mwanamke yule ulitoka kiwandani.

Labda msomaji atauliza, zawadi ya maziwa ina ubaya gani? Sababu ni tatu, na yafaa kila mtu azijue.

Ya kwanza ni ya mwili wenyewe. Maziwa ya mama huja kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya sana, yaongezeka. Akiacha, yapungua, na baada ya muda yakauka. Mama akitumia kopo la bure kwa siku kadhaa za mwanzo, aweza kurudi nyumbani maziwa yake yamekwisha kupungua. Hapo zawadi imekoma, naye hana budi kununua.

Ya pili ni maji. Maziwa ya unga yataka maji safi yaliyochemshwa, na chupa iliyooshwa vema, mara nyingi kwa siku, mchana na usiku. Wazee wa uwanda wa Newala wanajua taabu ya maji ilivyokuwa: wanawake waliteremka bondeni wakapanda tena na mitungi kichwani, na safari moja ikala nusu ya siku. Mama wa namna hiyo angepata wapi maji na kuni za kuchemshia chupa sita au saba kila siku? Chupa isiyochemshwa humletea mtoto kuhara, na kuhara humwua mtoto mchanga upesi.

Ya tatu ni bei. Kopo laweza kumaliza sehemu kubwa ya mshahara wa kibarua. Basi mama hulipunguza. Kopo la siku tano hulifanya la siku kumi kwa kuongeza maji. Mtoto hushiba maji, naye anakonda. Mama hakukosa upendo, wala hakuwa mvivu. Alifanya lile ambalo kila mwenye fedha kidogo hufanya.

Mambo haya yalionekana mapema. Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto uitwao kwashiorkor. Jina hilo alilipata kwa watu wa huko, nao walilitumia kwa maradhi yampatayo mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwingine anazaliwa. Baadaye alihamishiwa Malaya, akaona watoto wakifa kwa maziwa ya kopo. Mwaka 1939, huko Singapore, alisimama mbele ya wafanya biashara akasema waziwazi kwamba vifo vile vyapaswa kuhesabiwa kuwa uuaji. Karibu na kwetu, katika chuo cha Makerere nchini Uganda, Daktari Derrick Jelliffe alifundisha habari za magonjwa ya watoto katika miaka ya 1960. Naye baadaye alisema kwamba kuna utapiamlo uletwao na biashara yenyewe.

Lakini maneno ya madaktari yalibaki kwa madaktari mpaka mwaka 1973, gazeti la New Internationalist la Uingereza lilipoyapeleka kwa watu wote. Lilionyesha picha ya kaburi la mtoto katika nchi ya Zambia, na juu yake chupa ya kunyonyeshea na kopo la maziwa. Mama aliviweka pale kwa mapenzi, kama vitu bora alivyompa mwanawe. Wala hakujua kwamba pengine ndivyo vilivyomwua. Mwaka 1974 shirika la War on Want likatoa kitabu kidogo cha Mike Muller juu ya jambo hilo. Vijana wa Uswisi wakakitafsiri kwa Kijerumani na kukipa jina kali lililoishitaki kampuni ya Nestlé kuwa inaua watoto. Kampuni ikawapeleka mahakamani. Mwaka 1976 hakimu wa Bern aliwatoza vijana wale faini ya faranga 300 kila mmoja kwa ajili ya jina lile, lakini aliiambia kampuni pia kwamba yaipasa kuzifikiri upya njia zake za kutangaza. Mwaka huohuo watawa wa Damu Azizi huko Marekani, waliokuwa na hisa katika kampuni ya Bristol-Myers, waliishitaki kampuni hiyo kwa habari ya maziwa yake. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kususa bidhaa za Nestlé, na mgomo ukaenea nchi nyingi. Mwisho wake, tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni: maziwa haya yasitangazwe kwa watu wote, mama wasipewe makopo ya bure, wauguzi wasipewe zawadi, wala watu wa kampuni wasiwaendee mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura, na moja tu ilikataa, nayo ilikuwa Marekani.

Nchi yetu haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Na tangu mwaka 1975 Waziri wa Afya alikuwa Daktari Leader Stirling, ambaye wazee wa kusini wamjua. Alikuja kutoka Uingereza mwaka 1935, akatibu watu Lulindi katika misheni ya Masasi, kisha Mnero. Mwaka 1994 Tanzania iliifanya kanuni ile ya dunia kuwa sheria zake, zikaandikwa upya mwaka 2013.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Wako watoto wahitajio maziwa ya kopo: yatima asiye na mnyonyeshaji, au mtoto ambaye mama yake ameambiwa na daktari asinyonyeshe. Kwao kopo ni rehema. Lakini mtoto wa namna hiyo hahitaji tangazo. Ahitaji mganga mkweli, maji safi na msaada wa jamaa.

Wala tusidhani habari hii imekwisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa ya uchunguzi katika nchi 8. Zaidi ya nusu ya wazazi na wanawake wajawazito walioulizwa walikuwa wamefikiwa na matangazo ya maziwa haya, na mengi sasa hupita katika simu. Tena mlango ni zaidi ya mmoja. Mwaka 2010 mataifa yaliyokutana Geneva yaliunga mkono shauri kwamba shule za chekechea, shule nyingine na zahanati zisiwe mahali pa kutangazia vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi. Sababu ni ileile: mzazi humwamini mwalimu wa mtoto wake kama anavyomwamini mkunga.

Basi sisi walimu, pamoja na wauguzi na wakunga, tujue kwamba imani hiyo si mali yetu ya kuuza. Tumekabidhiwa na wazazi. Nanyi wazazi, mkipewa bure kitu cha mtoto, shukuruni kwa adabu, kisha ulizeni mambo matatu: Nani amekituma? Kikiisha, nitapata kingine kwa bei gani? Na je, mtoto wangu alikihitaji kabla sijakiona? Mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo.

Mtoto hawezi kuuliza. Yatupasa tumwulizie.