Gurudumu Lililopimwa kwa Mguu

Miaka ya 1870, Mwingereza aliyetaka baiskeli alipimwa mguu kama anayeshonewa suruali, kuanzia kwenye kinena hadi unyayoni. Kipimo hicho ndicho kilichoamua ukubwa wa gurudumu la mbele. Mfupi alipewa la inchi 48, mrefu akapewa la 56, na wachache wenye miguu ya korongo walifikia 60, yaani mita moja na nusu kutoka ardhini hadi juu. Gurudumu la nyuma lilikuwa dogo tu, la kuzuia chombo kisianguke.

Sababu ilikuwa moja: mnyororo haukuwapo. Pedeli zilifungwa kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, kwa hiyo mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja, basi. Mwenye haraka hakuwa na la kufanya ila kutafuta gurudumu kubwa zaidi, na ukubwa ulikomea pale mguu wake ulipokomea. Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco Aprili 1884 kuizunguka dunia, alipanda la inchi 50. Kila mzunguko ulimsogeza karibu mita 4, pale barabara iliporuhusu, kwingine aliisukuma baiskeli. Alifika Yokohama Desemba 1886.

Kasi hiyo ilikuwa na malipo yake. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu wima juu ya ekseli, na jiwe dogo likilikwamisha gurudumu, alitangulia yeye, kichwa mbele, miguu imenaswa chini ya usukani. Ukawa mchezo wa vijana wa kiume. Wazee na wanawake wenye magauni marefu walipendelea baiskeli za magurudumu matatu.

Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye mnyororo uliopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Alikuwa mpwa wa James Starley, mmoja wa mafundi walioyapa umaarufu yale magurudumu makubwa. Mpwa ndiye aliyeyazika. Chukua baiskeli yenye gurudumu la inchi 28, meno 46 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza karibu mita 5.7, sawa na gurudumu la karibu inchi 72 la mtindo wa zamani, ambalo hakuna binadamu ambaye mguu wake ungelifikia. Hadi leo wapo waendeshaji wanaotaja gia zao kwa inchi za gurudumu hilo lisilokuwapo.

Mguu ukaacha kuliamulia gurudumu, ukahamia kwenye fremu na kiti. Gurudumu likabaki na kazi ya kupambana na barabara. Hapo ndipo alipoingia John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, ambaye mwaka 1888 alimfungia mwanawe matairi ya upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kabla yake, gurudumu kubwa lilikuwa pia njia ya kupunguza mtikisiko wa mawe. Upepo ulipoifanya kazi hiyo, magurudumu yaliweza kupungua.

Kipimo cha gurudumu kilichoenea kuliko vingine katika nchi za barabara mbovu ni inchi 28. Raleigh za Nottingham, Hero za India na Phoenix za Shanghai zote ziliuza baiskeli nzito nyeusi zenye gurudumu hilo. Afrika Mashariki ilizipokea kwa mikono miwili. Kenya zikaitwa Black Mamba. Gurudumu kubwa halitumbukii sana kwenye shimo, na fremu yake ndefu ina nafasi ya keria pana. Miaka ya 1960, mpakani Busia, keria hiyo ikatiwa mto na kubeba abiria kati ya Kenya na Uganda. Jina boda boda lilizaliwa hapo, kwenye baiskeli, kabla pikipiki hazijalichukua.

Namba yenyewe, lakini, ina hila. Tairi la 28 la baiskeli hizo hukaa kwenye rimu ya milimita 635, ilhali tairi jembamba la Ulaya linaloitwa pia 28 hukaa kwenye rimu ya 622. Tofauti ni milimita 13, na hakuna nguvu ya fundi itakayoivalisha rimu kubwa tairi dogo. La kuchekesha zaidi, baiskeli za milimani zinazouzwa kama za 29 zina rimu hiyohiyo ya 622. Kilichoongezeka ni unene wa tairi. Ndiyo maana fundi mzoefu hulipindua tairi na kusoma namba ndogo ubavuni kabla ya kumsikiliza mteja.

Walioendelea kupimiwa gurudumu ni watoto: 12, 16, 20, 24, kadiri wanavyokua. Nyumba nyingi za vijijini, hata hivyo, zilikuwa na baiskeli moja tu, ya baba, ya 28. Mtoto aliyetumwa mashineni kusaga hakuweza kukifikia kiti. Alipitisha mguu wa kulia katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, akashika usukani mwili umepinda upande, akaondoka hivyo, mfuko wa mahindi ukiwa umefungwa nyuma kwa kamba ya mpira.