Mashimo ya Hyrax Hill na Hesabu ya 218

Kilomita chache kutoka mjini Nakuru, ukishika barabara ya Nairobi, kuna Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Mary Leakey alianza kuchimba hapo 1937, akafukua makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Lakini kuna kitu ambacho hakikuhitaji jembe: safu za mashimo madogo yaliyochongwa juu ya mwamba. Ni bao. Watu walikaa hapa, wakatazamana, wakapiga hesabu.

Wapenzi wa chesi nao wana hesabu yao: zamu yako ikifika, unaweza kuwa na hatua halali ngapi, kwa wingi kabisa? Mchezo ukianza ni 20. Mwaka 1964 Nenad Petrović wa Yugoslavia alipanga ubao wenye hatua 218. Weupe wana malkia tisa, yaani askari wote wanane wamevuka na kugeuka malkia. Takriban miaka 60 ikapita bila mtu kuipita hesabu hiyo, na ni juzi tu kompyuta ilisaidia kuthibitisha kwamba haipitiki.

Sasa leta swali hilo kwenye bao. Mwamba haukuachiwa sheria, basi tuchukue bao la Kiswahili la pwani: mashimo 32, kete 64. Kwenye mtaji, kete zote zikiwa ubaoni, una mashimo yako 16, na kila moja waweza kulianza kwenda kulia au kushoto. Zidisha: 32. Dari ni hapo, na kompyuta ya nini? Tena shimo lenye kete moja halianzishi, na ukiweza kula, lazima ule.

Basi bao ni rahisi? Ngoja kwanza. Ubao wa Petrović una mfalme mweusi aliyebanwa kwenye kona na askari wawili tu. Hatua ni nyingi kwa sababu hakuna tena wa kukupinga. Kwenye bao unaweza kubaki na hatua mbili, lakini moja ikianza, kete zinakula, zinapandwa upya, zinazunguka, nawe unatakiwa kujua zitalala wapi kabla hujazigusa.

Jina la Petrović liko kwenye karatasi. Waliochonga mwamba wa Nakuru hawakuandika lao. Walitoboa jiwe gumu, shimo baada ya shimo, kwa ajili ya mchezo wa chaguo chache.