Nyuzi Tatu za Ngomeni: Setilaiti ya Uhuru na Swali la Hisabati

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani ilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nayo ikaitwa Uhuru. Jukwaa hilo la Waitaliano, lililoasisiwa na Profesa Luigi Broglio na kuanza kurusha setilaiti mwaka 1967, lilichaguliwa kwa sababu vipokezi vya eksirei huvurugwa na chembe zenye nishati kubwa zilizokusanyika juu ya Atlantiki ya Kusini, na setilaiti izungukayo karibu na ikweta huziepuka kwa kiasi kikubwa.

Uhuru ilizunguka kwa mwinamo, yaani pembe kati ya bapa la njia yake na ikweta, wa nyuzi 3 hivi, ambazo ndizo pia umbali wa Ngomeni kutoka ikweta. Kutoka kituo cha kurushia roketi cha Wallops, Marekani, mwinamo usingepungua nyuzi 38 hivi bila kutumia nishati ya ziada kuigeuza njia huko juu. Kwa kuwa mvutano wa dunia huelekea kitovuni, bapa la njia ya setilaiti sharti lipite kitovuni, na jiometri haikubali bapa la namna hiyo lipite pia juu ya Ngomeni likiwa na mwinamo ulio chini ya latitudo yake.

Jiometri inapoeleza hivi kwa nini jambo haliwezekani, huzuka swali kama vitu vya hisabati vipo kweli. Wanafalsafa Quine na Putnam walishikilia kwamba yapasa kukubali kuwapo kwa vitu vya hisabati, kwa kuwa sayansi bora haiwezi kuviepuka, na mwaka 2005 Alan Baker akaongeza kwamba hisabati hufafanua matukio yenyewe, wala haiishii kuyapima. Hartry Field, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alikuwa amekwisha kuipinga hoja ya Quine na Putnam, akidai kwamba sayansi yaweza kuelezwa bila namba.

Historia ya Ngomeni huupa kila upande haki yake. Yawezekana kusema, bila kutaja bapa lolote, kwamba kitu kinachorejea njia ileile kuzunguka kitovu hakina budi kufika mbali na ikweta angalau kama kilipoanzia. Lakini kauli inayobainisha kwa mkupuo mmoja hali ya Ngomeni, ya Wallops na ya kila pwani nyingine ni ya jiometri. Hivyo Ngomeni yathibitisha kwamba hisabati hufafanua, ila kutoka hapo hadi kudai kwamba mabapa na maduara yapo kama mawe ya matumbawe yalivyopo ni hatua nyingine, inayohitaji hoja yake yenyewe.